Njia za maunteni baiki Dodoma: anza na upepo, mchanga na maji, kilomita zitafuata

Karibu kila mtu akinunua baiskeli ya gia hapa Dodoma swali la kwanza ni niende wapi na ni km ngapi, na mimi huwa namrudisha nyuma kidogo, maana huku kwetu kilomita peke yake haikwambii kitu. Km 40 za mwezi wa sita alfajiri na km 40 hizohizo mwezi wa kumi saa saba mchana ni safari mbili tofauti kabisa, ya kwanza unafika nyumbani unatafuta chai, ya pili unafika umepakiwa kwenye gari. Kinachoamua ni upepo unatoka wapi, mchanga uko kiasi gani na maji utayapata wapi. Hayo matatu ukiyashika njia utajipangia mwenyewe hata kijiji ambacho hujawahi kukisikia.

Nianze na upepo kwa sababu ndio ulionifundisha. Safari yangu ndefu ya kwanza nilikwenda Bahi, magharibi, barabara ya Singida, na kwenda kulikuwa kwepesi mno, baiskeli inateleza tu, napita Kigwe hata jasho halijanitoka vizuri, nikajua ni miguu. Haikuwa miguu. Dodoma mjini tuko juu, takribani mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, Bahi iko bondeni karibu mita 300 chini yetu, halafu upepo wa huku sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki na kusini mashariki. Kwa hiyo asubuhi nilikuwa nashuka huku nasukumwa mgongoni, na mchana nikawa napanda huku napigwa usoni, jua la saa nane, chupa zimeshakauka. Nilikokota baiskeli mpaka nikaonewa huruma na dereva wa fuso. Toka siku hiyo nina kanuni moja siivunji: asubuhi nenda unakotoka upepo, mchana rudi nao. Yaani unatoka mjini kuelekea mashariki, Ihumwa, Chamwino, Hombolo, Kikombo huko, wakati upepo bado umelala na miguu ina nguvu, halafu ukianza kuamka kwenye saa tatu saa nne wewe unageuza, unakusukuma mpaka nyumbani. Ukitaka Bahi nenda, mashamba ya mpunga pale ni mazuri kuyaona, ila panga kurudi na basi toka mwanzo, usisubiri uchoke ndio ufikirie.

Kuhusu msimu, mvua yetu ni moja tu, inaanza kwenye mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na baada ya hapo hakuna tone. Wakati mzuri kuliko wote ni Mei na Juni, ardhi bado imeshikana, majani yapo, mchanga haujalegea, na jua halichomi. Asubuhi kuna baridi kweli, beba kitu cha mikono mirefu ambacho ukipata joto unakifunga kiunoni. Kuanzia Agosti upepo unakuwa mkali na vumbi linaanza, Oktoba na Novemba ndio joto lenyewe, hapo safari iwe fupi na uwe umerudi saa nne. Jua la Juni linatoka karibu saa moja kasorobo, la Novemba linatoka saa kumi na mbili na dakika 10 hivi, kwa hiyo kipindi cha joto una nusu saa ya ziada ya asubuhi, itumie. Kipindi cha mvua unaweza kuendesha pia lakini angalia makorongo. Korongo la Dodoma unalikuta kavu limejaa mchanga mweupe, juu kwako hakuna hata wingu, kumbe mvua imenyesha milimani huko na maji yanakuja kwa mkupuo. Korongo linalotiririka usilivuke, hata kama maji yanafika kwenye kifundo tu, kaa kivulini subiri, maji yake yanapita haraka.

Sasa nichukue njia ya Hombolo kama mfano maana ndio ninayoipenda kuliko zote na ina kila kitu ambacho utakutana nacho kwingine. Unatoka mjini kwa barabara ya Morogoro mpaka Ihumwa, hapo ni lami na malori ni mengi, kwa hiyo pita mapema sana, vaa kitu kinachoakisi mwanga, taa nyekundu nyuma, kaa kushoto kabisa. Ihumwa unaacha lami unashika kaskazini na hapo ndio mambo yanaanza, miinuko midogo midogo ya kupanda na kushuka, mibuyu, mawe makubwa ya granaiti yamekaa juu ya vilima kama yamepangwa na mtu, mashamba ya uwele na mtama, halafu ukikaribia Hombolo unaanza kuona mizabibu imesimama kwa mistari. Bwawa la Hombolo lilijengwa 1957 na ukilifikia asubuhi, ndege wamejaa pembezoni, utasahau kama ulipigwa vumbi. Usiingie kuoga, maji yaliyotuama kichocho hakikosi, kunawa uso tumia ya chupa.

Kurudi una chaguo mbili. Ya kwanza urudi ulikotoka. Ya pili, kama umeshazoea na maji unayo ya kutosha, unaendelea kwenda Mayamaya ambako unatokea kwenye lami ya Kondoa, halafu unashuka na lami kupitia Makutupora, Veyula na Msalato mpaka mjini. Mayamaya mpaka mjini ni kama km 43, kwa hiyo mzunguko mzima ni siku nzima, sio wa kujaribu mara ya kwanza. Faida yake upepo unakuwa wa mgongoni au wa ubavuni kwa sehemu kubwa ya kurudi. Ukipita huko utakuta pia ile barabara ya mzunguko wa nje ya jiji, km 112.3 kwa ujumla, na reli mpya ya kisasa, SGR, imezungushiwa uzio upande wa Ihumwa. Uzio usiuruke, treni ile inakwenda mpaka km 160 kwa saa na ni ya umeme, tafuta kivuko cha chini au daraja, vipo, ni kuzunguka kidogo tu.

Mchanga ndio utakaokutesa njia hii. Siri ya mchanga ni upepo wa tairi na gia. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana za inchi 2.2 anaweza kushusha mpaka psi 25 hivi (psi ni kipimo cha presha kwenye pampu) kama tairi halina tyubu, kama lina tyubu ishia 28 au 30 maana ukishusha zaidi rimu itabana tyubu kwenye jiwe na utapata yale matundu mawili yanayofanana. Ukiona mchanga mbele badilisha gia iwe nyepesi KABLA hujaingia, rudisha uzito nyuma kwenye siti, mikono ilegee, miguu isiache kuzunguka, na usikate kona, acha tairi la mbele litafute njia lenyewe wewe liongoze kidogo kidogo. Ukishasimama katikati ya mchanga ni kushuka tu, hakuna kuanza tena pale.

Lakini bora zaidi ni kuukwepa na hapa watu wa vijijini ndio walimu. Barabara zote za huku zina magari yaliyochimba mifereji miwili ya mchanga, halafu pembeni kuna kinjia kimoja chembamba kigumu, wakati mwingine kinaingia nyuma ya vichaka na kutokea mbele, hicho kimetengenezwa na baiskeli za watu wanaobeba mkaa, kuni na madumu ya maji. Mtu mwenye baiskeli ya Phoenix na madumu manne ya lita 20 hawezi kupita kwenye mchanga hata kidogo, kwa hiyo kinjia chake ndio njia bora kuliko zote, kifuate. Na ukiuliza njia usiulize "hii inaenda Hombolo?", utajibiwa ndiyo kwa heshima tu, hata kama inaenda kwa kuzunguka mlima. Uliza "hii inaenda wapi?" halafu uliza "baiskeli ya mzigo inapita?" Mara moja nilimkuta mzee mmoja amekaa chini ya mgunga na mbuzi wake, nikamwambia shikamoo babu, naomba kuuliza hii njia inatokea wapi, akaniangalia tairi kwanza, akasema, "Inatokea bwawani mwanangu, ila ukifika kwenye mbuyu uliopasuka usifuate magari, fuata ng'ombe. Magari wanapita mchangani." Nilifuata ng'ombe na kweli, ardhi ilikuwa ngumu kama uwanja. Ila angalizo, ng'ombe wakipita korongoni wanaulegeza mchanga, kwenye korongo tafuta alama za bodaboda sio za kwato.

Ukiwa kwa Wagogo salamu inafungua milango, mtu mmoja unamwambia mbukwa, wakiwa wengi mbukwenyi, na kwa wazee shikamoo inabaki palepale. Usisalimie huku unapita mbio, punguza mwendo au simama. Ukikutana na kundi la ng'ombe shuka, simama pembeni uwaache wapite, baiskeli inayoteremka kasi inawatawanya na mtoto anayewachunga ndio atakayehangaika kuwakusanya jioni nzima. Mbwa wakija shuka, weka baiskeli katikati yako na wao, ita wenye nyumba, usikimbie. Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwenye Februari na Machi halafu tena Agosti na Septemba, ukipita wakati huo utaziona zinaning'inia karibu kabisa na njia, omba kununua, mkulima atakukatia kichala kizuri kwa bei nzuri, kuliko kuchuma ukaharibia wenzako wote watakaopita baada yako.

Sasa mbigili. Mgeni akipata pancha tatu siku moja anadhani tairi ni bovu, hapana, ni mbigili, lile jani linalotambaa chini lenye maua madogo ya njano, likikauka linaacha vitunda vyenye miiba migumu na hata kikae vipi mwiba mmoja unatazama juu. Vimejaa kuanzia mvua ikiisha, hasa pembeni ya njia, viwanja vya mpira, stendi, karibu na mazizi na kwenye maduka, kwa maana hiyo sehemu unazosimama ndizo zenye hatari kuliko unazopita. Ukisimama usiingize baiskeli kwenye majani, iache palepale kwenye ardhi iliyokanyagwa, au ibebe begani hatua tano. Mwiba wa mgunga ni habari nyingine, ule mweupe mrefu, watu wanakata matawi yake kuzungushia zizi na mengine yanaanguka njiani, huo unapita hata kwenye tairi nene.

Kwa hiyo kama una uwezo weka tairi zisizo na tyubu zenye ile gundi ya majimaji ndani, silanti, hiyo ndio pesa ya kwanza kutumia kwenye baiskeli Dodoma kabla ya kitu kingine chochote. Ongeza mapema kuliko inavyoandikwa kwenye chupa maana joto letu linaikausha. Ukichomwa mwiba mdogo ung'oe, zungusha tairi, elekeza tundu chini, itaziba. Kama una tyubu beba mbili za akiba, viraka, solusheni, msasa, vyuma vya kutolea tairi na pampu, na kabla ya kuingiza tyubu mpya pitisha kidole taratibu ndani ya tairi lote, mwiba uliobaki ndio utakaotoboa ya pili. Mafundi wapo karibu kila kijiji, chini ya mti na beseni la maji, na kazi ya kiraka wanaijua kuliko fundi wengi wa mjini, ila tyubu walizonazo ni za inchi 28 na 26, za 29 au 27.5 hutazipata, na pampu zao hazikubali zile valvu nyembamba, beba kile kidude cha kugeuzia, ni kidogo kuliko punje ya karanga na ukikikosa ndio safari imeishia hapo.

Maji nabeba lita nne kwa nusu siku, mbili kwenye chupa, mbili mgongoni, sioni uzito wake tena. Usitegemee kisima, maji mengi ya huku yana chumvi, unakunywa na kiu inabaki palepale, afadhali ununue ya chupa kwenye maduka ya vijijini ukijua duka linalofuata liko wapi. Pakiti mbili za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kutoka duka la dawa zikae mfukoni, ukianza kuumwa kichwa na jasho limekata koroga moja, kaa kivulini, na usiendelee mpaka ujisikie sawa, hilo sio la kubishana nalo. Chakula ni karanga, kashata, ndizi, chapati, na ubuyu wa kumung'unya ambao unasaidia sana mdomo ukikauka.

Ramani pakua kabla hujatoka, zile za OpenStreetMap zina vinjia vingi vya Dodoma na zinafanya kazi bila mtandao. Unapoiangalia hesabu mistari ya mito inayokatiza njia yako, kila mmoja ni korongo la mchanga, njia ikikatwa na makorongo saba ongeza saa nzima kwenye hesabu yako. Mwachie mtu nyumbani jina la kijiji unachokwenda na saa ya kurudi, na uwe umetoka porini kabla ya giza, fisi wapo.

Kwa wanaoanza au mwenye masaa mawili tu, vilima vya upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Ng'ong'ona, Iyumbu mpaka Ntyuka vinatosha kabisa, kuna kupanda kwa kukata pumzi na kushuka kwenye mawe, na uko karibu na mji kitu kikiharibika. Shida ya huko ni viwanja vya kujenga. Kinjia ulichopita mwezi uliopita leo unakuta bikoni za mipaka, mwezi ujao ukuta, kwa hiyo ramani ya mwaka jana usiiamini, na ukikuta mtu kajenga usilazimishe kupita uwani kwake.

Ukitaka msitu wenyewe, miti ya kukufunika na ardhi ya kupanda na kushuka isiyoisha, nenda Kondoa. Panda basi, fungua tairi la mbele, funga boksi upande wa cheni, elewana bei na konda kabla haijaingia kwenye buti, na mwenyewe uone inavyolazwa. Kondoa mjini kuna chemchemi, jaza maji, halafu shika milima ya Irangi kuelekea Kolo. Miteremko ile ilikuwa imekwisha kabisa kwa mmomonyoko, makorongo tu, serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Haikuwa jambo jepesi kwa watu waliokuwa wakiishi na ng'ombe pale, na wazee bado wanaweza kukusimulia. Ila ndio maana leo unaendesha chini ya miombo, kulia kwako korongo la zamani ambalo limeota nyasi na vichaka mpaka chini. Ukishuka pale usitoke nje ya kinjia na usifunge breki la nyuma likaburuta, mfereji mdogo wa tairi mvua ikija ndio unaokuwa korongo jipya.

Kolo ndiko kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Simama kwanza ofisi ya kituo cha michoro pale Kolo, lipa, uchukue mwongozaji, baiskeli utaiacha chini na mwamba utaupanda kwa miguu, na michoro usiiguse wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri kwenye picha. Kwenye miombo angalia juu kabla ya kukaa kivulini, mizinga ya nyuki inatundikwa mitini na nyuki wa huku hawapendi jasho wala kelele za watu kumi wanaocheka chini yao, wakianza toka haraka uende mbali, acha hata baiskeli. Na mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga usiingie na baiskeli, tembo wapo na hata nje ya mipaka wanatoka kwenda mashambani, ulizia wanakijiji asubuhi kama wameonekana. Msitu wowote wa hifadhi, hata ule wa milima ya Mpwapwa kule Kiboriani ambao ni mzuri sana na una baridi yake, ulizia kibali kwa TFS, wakala wa misitu, au ofisi ya kijiji kwanza, ni mazungumzo ya dakika chache na mara nyingi unapata na kijana wa kukuonyesha njia.

Ukirudi nyumbani usimwagie baiskeli maji ya presha, vumbi letu likichanganyika na maji linaingia kwenye beringi na kukwangua kama msasa. Piga brashi kavu, futa cheni na kitambaa mpaka kisitoke cheusi, tia oili tone moja moja kwa kila kiungo halafu futa inayobaki nje, maana oili nyingi inakamata mchanga. Mwisho zungusha tairi zote mbili taratibu chini ya taa ung'oe kila mbigili unayoiona. Fanya jioni hiyohiyo, kama kuna inayovuja utalikuta tairi limelala asubuhi ukiwa bado na muda wa kuziba, sio saa kumi na mbili wenzako wanakusubiri Ihumwa.